Tulivyompandia Marehemu Mlimani

Mmeniuliza wengi pale sokoni, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mama wa nyanya anajua habari za mto. Fundi cherehani anajua habari za tembo. Fundi simu anajua tu kwamba niliondoka na viatu nikarudi na soli moja. Mkikutana mnaunganisha vipande, na nimesikia mlichopata: eti tulikwenda kwa mganga. Kwa hiyo naandika yote, kuanzia mlangoni kwetu mpaka kurudi mlangoni kwetu, na atakayeuliza tena anunue viatu kwanza.

Asiyejua ajue. Mdogo wangu Ouma alikuwa akichimba dhahabu Nyakunguru, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba. Msimu mmoja wa mvua duara lao likaporomoka. Wenzake walitolewa. Yeye hakuonekana, na jinsi udongo ulivyokuwa ukiendelea kuteleza, hakuna aliyetaka kuchimba zaidi. Tulingoja mpaka kungoja kukatuchosha. Kwetu Wajaluo, mtu ambaye mwili wake haukupatikana haachwi hewani hivi hivi. Linachukuliwa yago, lile tunda refu la mti wa mwegea, linalazwa ndani ya jeneza na kuzikwa kwa jina lake. Ndivyo tulivyofanya uani kwa mama, hapa hapa Nyamisangura, Tarime. Mimi ndiye niliyetumwa kuchagua tunda. La kwanza nililikataa. Lilikuwa fupi, na Ouma alikuwa mtu wa kuinama kila mlango. La pili likapita. Tukalia, tukala wali, tukagawana fulana zenye picha yake.

Fulana ni fulana. Yangu niliendelea kuivaa kwenye meza yangu ya viatu sokoni, maana ni pamba nzuri. Siku moja mpishi wa kambi moja ya watalii kule Robanda akaja kujaribu buti. Akainua macho, akakodolea kifua changu kwa namna ambayo nilikuwa tayari kumtukana.

"Dada, umepata wapi picha ya mlinzi wetu?"

"Mlinzi gani?"

"Huyu. Anakaa juu ya mlima, anatuangalizia tembo wasishuke mashambani. Kovu hilo hilo la nyusi."

Nilimwuzia zile buti bila kubishana bei. Wanaonijua wataelewa hali niliyokuwa nayo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku ameshika ufagio. Kila asubuhi anafagia lile kaburi kabla hajafagia mlango wake mwenyewe. Akasema, "Nendeni wawili. Mtu mmoja ataona anachotaka kuona."

Wa pili alikuwa Rhobi, mke wa Ouma. Au mjane wa Ouma, kutegemea tutakachokuta. Rhobi ni Mkurya wa upande wa Sirari, mwanamke wa maneno machache, na wakati ule alikuwa amekwisha kupata mtu, fundi seremala, ambaye mama mwenyewe alikuwa amemkubali aje rasmi. Mjane aliyemaliza msiba anaweza kuolewa. Mke ambaye mumewe yuko juu ya mlima anapiga ringi la gari kufukuza tembo, huyo ni habari nyingine, na wajomba zake wangetaka kuijadili ng'ombe kwa ng'ombe.

Basi tukaondoka, mimi nikimtaka awe yeye, wifi yangu akitaka asiwe.

Nyamisangura mpaka Nyakunguru: nyongo

Gari lilijaa likaondoka, likarudi kumchukua mke wa dereva, likaondoka tena. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile ya taratibu isiyo na haraka na mtu. Mlima hadi mlima ilikuwa migomba iliyolowa na watu waliojifunika magunia.

Tulishuka Nyakunguru kwa sababu mama alisema tuanzie alikopotelea. Mahali penyewe hapana kitu cha kuonyesha. Duara limezibika, juu yake pameota majani, na pembeni wameanzisha duara jingine, kana kwamba la kwanza lilikosea anwani tu. Tulimpata mchimbaji mmoja, Msukuma aliyetoka Geita zamani, aliyekuwapo siku ile. Alivua kofia alipoiona fulana yangu.

"Ouma! Nililia hapa hapa nilipokaa, dada. Hapa hapa."

"Ulimwona akiingia duarani siku ile?"

Akafikiri. Alikuwa na vumbi jeupe kwenye kope, licha ya mvua. "Kuingia sikumwona. Nani humwangalia mwenzake akiingia? Mtu unamwangalia akitoka."

Rhobi alisimama muda mrefu akitazama yale majani. Msiba mzima, jeneza, wali, fulana, vyote vilikuwa vimesimama juu ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akiingia. Nikamwuliza yule bwana kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyemwuliza. Kila aliyekuja alikuja analia tayari.

Tulikula kwenye banda la nyama. Rhobi akaagiza kichuri, ule mchuzi wa Kikurya wa matumbo unaotiwa nyongo. Mimi nimeishi na Wakurya maisha yangu yote na bado kichuri hunishinda, lakini siku ile hapakuwa na kingine.

"Wifi, hii nyongo imetiwa na mtu mwenye msiba."

"Kula. Huko tuendako hujui utapewa nini."

Nilikula. Uchungu ule ulikaa nyuma ya ulimi mpaka mtoni.

Mto Mara: mmoja wetu atalia

Kabla ya kufika darajani gari lilizama kwenye tope mpaka tumboni. Dereva akatushusha tusukume. Tulisukuma, likazama zaidi. Dereva akasema tulisukuma vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa na kuku wawili ndani ya kikapu akamjibu, "Mura, kijana wangu, tope hili ulilifuata mwenyewe, sisi tulikuwa tumekaa," na tukangoja trekta ambalo dereva alisema liko njiani. Lilikuwa njiani kweli, ila njia nyingine.

Yule mzee wa kuku alikuja kukaa karibu nasi chini ya mti. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza tunakwenda wapi.

"Kumtembelea ndugu," nikasema.

"Msibani," akasema Rhobi, wakati huo huo.

Mzee akatutazama kwa zamu. "Ndugu ndiye aliyefiwa?"

"Hapana, shikamoo," nikasema, nikachanganyikiwa nikamwamkia tena. "Ndugu ndiye aliyekufa."

"Na mnakwenda kumtembelea."

"Ndiyo, mzee," akasema Rhobi.

Mzee akachukua kikapu chake akahamia mti mwingine. Kuku walilalamika, mvua ilikuwa kubwa kuliko huku kwetu.

Tulipobaki wawili Rhobi alianza kuchuna tope kwenye vidole vyake vya miguu. Alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya tairi. Nilikuwa nimemcheka asubuhi. Mimi nilivaa raba nzuri kutoka mezani kwangu mwenyewe.

"Wifi, mimi naomba asiwe yeye."

"Najua."

"Si kwamba namchukia."

"Najua hilo pia."

"Nilimlilia mpaka nikaisha. Sina machozi mengine ya kumkaribishia." Akatupa kipande cha tope. "Wewe unaomba awe yeye. Basi mmoja wetu atarudi analia."

Mimi hesabu yoyote huirudia. Niliirudia hiyo nikaona inaweza kutoka wote wawili. Sikumwambia. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai iliyosahaulika, unabeba matawi mazima, na ng'ambo ilikuwa wilaya ya Serengeti, imekaa kwenye ukungu kama haitaki kuonekana.

Mugumu

Sina mengi ya kusema kuhusu Mugumu. Tulifika tumelowa. Chandarua kilikuwa na tundu, na mbu walilifahamu. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu, na mwenye hoteli alipoona fulana akasema, "Aaah, huyu huja hapa kununua chumvi," kisha akaenda kumhudumia mtu mwingine. Rhobi aliacha kiazi chake. Nilikimaliza mimi, nikiwa na hofu nakula.

Vijana wa pikipiki wa Mugumu ni wagumu kuliko jina la mji wao. Yule tuliyempata nilimwacha mara mbili, akanifuata mara mbili, na mwishowe kila mmoja wetu aliamini amemwibia mwenzake.

Robanda: nageuzwa mkaguzi

Tulishuka pikipiki pembeni ya kijiji, mlima ukiwa mbele yetu, mweusi, mawingu yakikaribia kichwa chake. Sikuwa nimemaliza kujinyoosha mgongo mama mmoja mzee akanishika mkono. Nikamwamkia. Akaitikia haraka haraka na kunivuta.

"Marahaba, marahaba. Njoo uone kabla hakujakauka."

Kumbe tembo walikuwa wameingia shambani kwake. Mtama wote ulikuwa umelazwa, na katikati yake nyayo kama mabeseni, kila moja imejaa maji ya mvua. Alinionyesha moja, akanionyesha ya pili, akanipeleka kwenye kona palipokuwa na kibanda cha kuhifadhia chakula. Palikuwa na nguzo tu.

"Andika," akasema.

"Mama, sina cha kuandikia."

"Mkaguzi wa kwanza wa fidia aliandika sana, sikuona kitu. Labda wewe usiyeandika ndiyo nitaona."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa na begi la mkanda, raba nyeupe, na nilikuwa nimesimama nahesabu mistari ya mtama uliolala, kwa sababu mimi kitu kikilala mbele yangu lazima nikihesabu. Nani mwingine angefanya hivyo? Nilimweleza kwamba mimi ni mwuza viatu wa Tarime. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayejua kwamba wakaguzi hawaruhusiwi kusema.

Mwanamume mmoja akaja na fimbo, akajitambulisha kwa jina la Makuru, mmoja wa wakulima wanaopokezana zamu ya kulinda. Naye alikuwa na uhakika.

"Huwezi kusema umekagua Robanda bila kupanda kule juu. Kule ndiko tunakoonea tembo wakitoka hifadhini. Tunapiga chuma, huku chini watu wanawasha matofali ya kinyesi na pilipili."

"Na nani yuko juu leo?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ah, sisi tunapokezana, lakini yuko mmoja mgeni anayekaa huko huko. Hashuki ila kununua chumvi. Mtu mzuri, hana maneno. Anaitwa Yago."

Rhobi alikaa chini. Hapo hapo, juu ya mtama wa yule mama.

Makuru akatutazama. "Ni jina la kwenu, eti?"

"Ni tunda," Rhobi akasema.

"Linaliwa?"

"Linazikwa."

Makuru akacheka, akidhani ni mzaha wa Tarime. Mimi nilikuwa nikifikiri jambo moja tu: anajua. Amekaa kule juu miaka yote hii, akijua kwamba tulimzika, na akijua tulimzika kwa kitu gani.

Mlima

Mlima ule hauna jina wanalolitumia. Wanasema tu "juu". Mwanzo wake ni miiba, kisha mawe, kisha mawe ambayo yanakusubiri uyakanyage ndipo yaondoke. Mvua ilikuwa imeacha utelezi juu ya kila kitu. Makuru alitangulia na fimbo yake, akipanda kama anayekwenda chooni kwake.

"Tupumzike hapa," nikasema.

"Pale mbele pazuri zaidi."

"Nusu ya hapo."

"Pale mbele, mama mkaguzi."

"Robo basi."

Sijawahi kubishana bei na mtu asiyeshuka hata kidogo. Kila nilipofika "pale mbele", pale mbele palikuwa pamehama. Pimbi walitutazama kutoka kwenye nyufa za mawe, wanene, hawana haraka. Nyani mmoja alibweka juu yetu, sauti ikarudi kutoka upande wa pili wa bonde, na baada ya hapo hapakusikika kitu isipokuwa pumzi yangu.

Katikati ya mlima raba yangu ya kushoto ilifunua mdomo. Baadaye kidogo soli ikaanguka, ikaviringika, ikaenda zake bondeni. Nilisimama nikiitazama inavyokwenda. Ningekuwa mteja ningerudi kumtukana aliyeniuzia.

"Ulisemaje jana kuhusu katambuga?" Rhobi aliuliza nyuma yangu.

"Sikusema kitu."

"Nilidhani ulisema."

Ndiyo mara ya mwisho kucheka siku ile, na hatukucheka kwa sauti.

Karibu na kilele kuna mwanya kati ya majabali mawili, unapita kwa kutambaa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka hapo. Makuru aliingia, miguu yake ikapotea. Rhobi akanishika kanga.

"Tangulia wewe. Kama siye, niite nije nikusaidie kulia. Kama ni yeye, usiniite. Nitajua."

"Utajuaje?"

"Utakaa kimya. Wewe hukai kimya kwa jambo dogo."

Nikaingia.

Juu

Kileleni pana jabali bapa la ukubwa wa uwanja wa nyumba. Ringi la gari limening'inizwa kwenye mti mkavu. Kuna kibanda cha nyasi, jiko la mawe, na moshi. Siku ikiwa wazi, Makuru alisema, unaona hifadhi mpaka macho yachoke. Siku ile ulionekana ukungu, na ukungu ukifunguka kidogo unaonekana ukungu mwingine chini yake.

Mwanamume alikuwa amekaa ukingoni, ametupa mgongo.

"Umenenepa, nyamera," akasema bila kugeuka. Nyamera ni dada yangu, kwa Kijaluo. "Niliwaona tangu mnashuka kwenye pikipiki. Kabla ukungu haujafunga. Mwendo wako haujabadilika, unatembea kama unayedaiwa chenji."

Nilikaa kimya.

"Mnajuana na mkaguzi?" Makuru akauliza.

"Huyu hakagui mashamba, kaka Makuru. Hebu niangalizie upande ule."

Akageuka. Kovu la nyusi lilikuwa mahali pake. Amekonda, ndevu zimeingia mvi ambazo mimi mkubwa wake sina. Nilimshika mkono, nikamshika na wa pili. Niliuhakikisha ule wa kwanza tena. Ilikuwa mikono ya mtu.

"Ungeweza kukimbia," nikasema. "Umesema ulituona."

"Muda nilikuwa nao. Miguu ilikataa."

Alinieleza kwa kifupi. Alikuwa amegombana na wenzake duarani, zamu ya nani kushuka, akaondoka kwa hasira usiku wa kuamkia siku duara lilipoporomoka, akavuka mto, akikusudia kukaa Mugumu mpaka hasira iishe. Baadaye akakutana na mtu sokoni aliyetoka Tarime, ameshiba wali wa msiba wake.

"Akanieleza mama alivyolia. Nikakusanya vitu vyangu nije. Ndipo akasema mmekwisha kuweka yago."

"Sasa?"

"Unamkumbuka baba mdogo alivyokuwa akisema? Kaburi lililofungwa kwa jina lako halikai na tunda milele. Siku ukipita mbele yake kwa miguu yako linajua limedanganywa, na litachukua mtu wa nyumba hiyo. Wa karibu zaidi." Akachokonoa moto. "Wa karibu zaidi ni nani, nyamera? Nani analala hatua chache na pale?"

"Mama analifagia kila siku na hajachukuliwa."

"Kwa sababu mimi niko hapa."

Ndugu zangu wa sokoni, mimi sijasoma mambo ya makaburi. Nimesoma kupunguza bei, basi nikaanza kupunguza. Nilimwambia wazee wana njia yao, yago linafukuliwa, anapitishwa nyuma ya boma si langoni. Akakataa. Nikasema aje Nyamisangura barabarani tu, uani asiingie. Akakataa. Nikashuka mpaka Nyakunguru. Nikashuka mpaka darajani: asimame upande wake wa mto, mama asimame upande wetu, waonane tu, hakuna anayevuka.

Hapo alinyamaza, na kwa mfanyabiashara kunyamaza ni dalili nzuri. Alikuwa ameanza kufungua mdomo.

"Habari za huko, marehemu."

Rhobi alikuwa ametoka kwenye mwanya, magoti yana tope, anajifuta mikono. Ouma alicheka kwanza, kicheko kilichomtoka kabla hajakizuia. Kisha uso wake ukafunga kama duka.

"Rhobi."

"Ndiyo mimi."

"Nasikia kuna fundi."

Habari husafiri na chumvi, naona. "Seremala," Rhobi akasema.

"Ana mkono mzuri?"

"Anatengeneza vitanda. Milango."

"Jeneza langu alitengeneza yeye?"

Rhobi alitazama pembeni. "Ndiyo."

"Mbao gani?"

"Mninga."

"Mninga? Kwa tunda?"

"Kwa wewe," Rhobi akasema. "Yeye alijua anakutengenezea wewe. Sote tulijua ni wewe, Ouma. Wewe peke yako ndiye uliyejua ni tunda."

Moshi ulikuwa ukiingia machoni na hakuna aliyehama. Nilimwona Ouma akimtazama mke wake, akitazama katambuga zake, na nikaona ile bei niliyoishusha mpaka darajani ikipanda tena, ikipita Nyakunguru, ikipita Tarime, mpaka pasipofikika. Kwa maana akisimama upande wake wa mto mama akamwona, basi yu hai. Na akiwa hai, Rhobi ni mke wa mtu.

"Nyamera," akasema, "niache nilivyo."

"Hofu ya kaburi au huruma ya mke?"

"Sijui. Vimekaa pamoja muda mrefu, sivitofautishi tena."

Kisha Makuru akapiga kelele. Ukungu ulikuwa umefunguka upande wa hifadhi, na chini kabisa, madogo kama punje, yalionekana matambara ya kijivu yakitembea kuelekea mashambani. Ouma aliruka, akashika chuma, akaanza kulipiga lile ringi. Sauti yake ilipasua kichwa. Kutoka kijijini wakajibu kwa makopo, na muda mfupi baadaye moshi wa pilipili ukaanza kuinuka huku na huku. Alipiga bila kututazama. Nilielewa kwamba hiyo ndiyo kazi, na kwamba mazungumzo yamekwisha.

Alipopumzika nikamwuliza, kwa sababu lazima mtu aulize: "Utakuja lini?"

"Baada ya mavuno, nitafikiria."

Mteja anayesema atazunguka soko kisha arudi, mimi namjua. Sijawahi kumwekea kiatu.

Kulikuwa na baridi. Nilivua ile fulana niliyokuwa nimeivaa juu ya blauzi, nikampa. Akainyoosha akajitazama.

"Nilikuwa na sura nzuri."

"Mpiga picha alikuongezea."

Akaivaa. Tuliposhuka hadi mwanyani niligeuka. Alikuwa amerudi ukingoni, na ukungu ulikuwa ukimfunga kuanzia miguuni.

Kushuka, na mlangoni kwetu

Nilishuka nusu peku. Makuru alikuwa ameelewa kiasi, na hakuniita tena mkaguzi, lakini tulipofika shambani kwa yule mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hata hivyo, ulihesabu?" Nikamwambia nilihesabu. Nikamwambia mama mzee idadi ya mistari yake iliyolala, yote. Akanishukuru kwa heshima. Ndiyo kitu pekee nilichoacha Robanda zaidi ya fulana.

Rhobi alianza kulia kwenye pikipiki. Alilia Mugumu, alilia garini, alilia mpaka daraja la Mto Mara, bila sauti, akijifuta kwa mtandio. Aliyeomba asiwe mume, akapewa mtu asiyetaka kuwa mume, ndiye aliyelia. Mimi niliyeomba awe hai nikapewa, macho yalinikauka kama yamekaangwa. Abiria waliotuzunguka walisema poleni, nasi tukaitikia asante, maana ilikuwa kweli.

Nilidhani njiani ataniomba nidanganye. Lilikuwa neno moja tu, "siye", na seremala angekuja. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba akiniomba nitakubali. Hakuniomba.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Hakutuuliza safari.

"Mmeona wawili?"

"Tumeona wawili."

Nikamwachia Rhobi amalizie.

"Ni yeye, mama," Rhobi akasema.

Mama aliinamisha kichwa. Kisha: "Anakula?"

"Anakula. Amekonda, lakini anakula."

"Haji."

"Amesema baada ya mavuno," nikasema.

"Mavuno ya nani? Si umesema kuna tembo?" Alisimama, ikamchukua muda. Akaweka mkono begani kwa Rhobi. "Mwambie seremala asichelewe. Mimi mwenyewe nitaketi na wajomba zako. Nitawaambia nina kaburi uani, na atakayebisha aje alione."

Asubuhi niliamshwa na ufagio. Nilitoka nje na miguu yangu ya malengelenge. Mama alikuwa pale pale pa siku zote, anafagia majani juu ya kaburi, polepole, mpaka pembeni.

"Mama. Si tumekwambia yuko hai? Hilo ni tunda."

Hakuacha kufagia.

"Huyu naye tulimzika, Adhiambo. Yeye hajaondoka."